Kupaka Rangi Gizani: Mwongozo Kamili wa Kusali kwa Brashi Wakati Maneno Yamekwisha

Kuna giza la mtu aliyeachishwa kazi na sasa analipa kodi ya nyumba kwa kukopa. Kuna la anayesubiri majibu ya vipimo, la mama ambaye mwanawe hapokei simu, la mjane ambaye matanga yamekwisha, turubai limekunjwa na ndugu wamesharudi makwao. Ndani ya yote hayo mara nyingi hujificha giza jingine: unapiga magoti na maneno hayatoki, au yanatoka na unahisi yameishia darini. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya giza hilo.

Njia yenyewe ina kanuni moja. Unaanza na giza, unalipaka lote, unakaa nalo mbele za Mungu, kisha unaweka nuru pale tu ulipoiona kweli. Watu wengi wakishika brashi katika kipindi kigumu hukimbilia jua linalochomoza, njiwa, na msalaba unaong'aa. Hamu hiyo naielewa. Lakini picha ya namna hiyo humwambia Mungu jambo ambalo moyo wako bado haujalisema, na ukiitazama kesho yake asubuhi haina la kukuambia. Zaburi hazisali hivyo.

Huhitaji kujua kuchora. Ukiweza kupaka ukuta, unaweza kufanya yote yaliyomo humu.

Mambo mawili kabla ya kuanza

Wapo watakaouliza kuhusu amri ya Kutoka 20 inayokataza sanamu. Ni swali la haki na lisipuuzwe. Amri ile inakataza kutengeneza kitu kisha kukisujudia. Kitabu hicho hicho, sura ya 31, kinasimulia jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, naye ni miongoni mwa watu wa kwanza katika Maandiko kusemwa kuwa wamejazwa Roho ya Mungu. Kazi ya mikono haina ugomvi na sala. Hata hivyo, kama dhamiri yako inasita kuchora uso au umbo la mtu, usichore. Mazoezi yote hapa yanaweza kufanyika kwa giza na nuru peke yake, na mimi mwenyewe naona mengi huwa na nguvu zaidi hivyo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kama usingizi umepotea kabisa, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo: mwenzi, jirani, mchungaji au padri, na uende hospitali. Brashi itakusubiri. Kumwendea daktari hakupunguzi imani, na mtu anayetibiwa anaweza kupaka rangi vilevile.

Vifaa

Ubao: kipande cha hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, cha sentimita 30 kwa 40 hivi. Mafundi seremala huwa na mabaki ya ukubwa huo pembeni ya karakana, na wengine watakukatia bure. Tumia upande laini, uupige msasa kidogo ili rangi ishike. Ukikosa hadibodi, boksi gumu lililopakwa gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili linafaa. Ukipaka upande mmoja tu litajikunja.

Rangi: nne zinatosha. Nyeupe, buluu iliyokolea, kahawia iliyokolea, na njano ya udongo. Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, ni nzuri kuliko zote kwa sababu ikikauka haiyeyuki tena, kwa hiyo unaweza kupaka tabaka juu ya tabaka. Rangi za posta za watoto wa shule ni nafuu, ila tabaka la juu likigusa la chini vyote huchafukana. Dawa yake ni kuchanganya gundi nyeupe kidogo kwenye rangi kabla ya kupaka.

Usinunue nyeusi. Changanya buluu na kahawia kwa kiasi kinachokaribiana na utapata giza zito ambalo huku linaelekea ubaridi wa buluu, kule linaelekea joto la udongo. Nyeusi ya chupa ni ile ile kila mahali. Jicho likishaiona mara moja halina tena cha kutafuta. Giza la kuchanganya lina kina, na huko ndiko utakakokaa hata nusu saa ukitazama.

Mafundi wa Tingatinga, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, wamejenga sanaa nzima juu ya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa. Naipenda sana sanaa hiyo, lakini rangi hiyo siipendekezi kwa sala hii. Harufu yake ni kali ndani ya chumba kilichofungwa, inachelewa kukauka, na mng'ao wake unarudisha mwanga wa taa machoni. Hapa tunataka giza linalonyonya mwanga.

Ongeza brashi ya inchi moja ya kupakia milango, brashi ndogo moja, kitambaa cha pamba, kopo la maji, penseli, vipande vya mkaa, na mkate.

Mahali na saa

Usiku nyumba ikishatulia, au saa kumi alfajiri kabla ya watoto kuamka kwenda shule. Anayeishi chumba kimoja na familia alfajiri itamfaa zaidi. Siku umeme ukikatika, usinung'unike. Washa mshumaa mmoja, uuweke kando na nyuma yako kidogo ili usikupige machoni. Simu iwe chumba kingine, au imezimwa. Waambie wa nyumbani unasali, wasije wakakuita kuuliza chumvi iko wapi. Jipe saa moja na nusu.

Hatua ya kwanza: soma Zaburi kwa sauti, uandike sentensi moja

Soma Zaburi ya 13. Ndani ya mistari miwili ya kwanza mtunzi anauliza "hata lini" mara nne, na hakuna anayemkemea. Kisha soma Zaburi ya 88, ambayo ndiyo ninayowapa watu waliochoka kweli. Zaburi nyingi za maombolezo zinageuka mahali fulani: mtu analia, halafu anakumbuka, halafu anasifu. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na mistari 18 baadaye inaishia gizani. Waliokusanya Maandiko waliiacha hivyo hivyo, na makutano ya waamini yameendelea kuisali kwa karne nyingi. Kwa hiyo sala yako isiyo na mwisho mzuri ina nafasi yake ndani ya Biblia.

Ukishasoma, chukua penseli uandike kwenye ubao mtupu sentensi moja ya kwako mwenyewe. Isiwe aya uliyokariri. Iwe ile unayoogopa kuisema kanisani. "Kwa nini ulimchukua yeye?" "Sijui kama upo." "Nimechoka kukungoja." Andika kwa herufi kubwa, ubao mzima. Isome kwa sauti mara moja. Iache hapo.

Hatua ya pili: zoezi la mkaa na mkate

Zoezi hili hufanywa kwenye karatasi pembeni, na siku ya kwanza laweza kutosha peke yake. Lina gharama ndogo kuliko yote na linafundisha mkono kitu ambacho maelezo hayawezi.

Mkaa wa jikoni unafaa ukichagua vipande vyepesi vya matawi membamba. Vile vizito vinakwaruza. Ukitaka mzuri zaidi, jitengenezee. Panga vijiti vikavu vyembamba kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, uliweke kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa, maana vijiti vya moto vikipata hewa vinawaka na kuwa majivu.

Paka karatasi nzima kwa mkaa, kisha usugue kwa kitambaa mpaka pasiwe na weupe popote. Fanya taratibu, vumbi lisipae ukalivuta. Sasa nyofoa nyama ya mkate, uifinye iwe tonge dogo, uibonyeze katikati ya karatasi na kuinyanyua. Kabla ya vifutio vya mpira kuenea, wachoraji wa Ulaya walifutia mkate. Tazama kinachotokea: mkate unatoka na doa la kijivu, na kwenye karatasi panabaki alama hafifu yenye umbo la kidole gumba chako. Nuru ile hukuiongeza. Ilikuwepo chini tangu mwanzo; karatasi ilikuwa nyeupe muda wote uliokuwa unaipaka mkaa.

Bonyeza tena mahali pengine, mara tatu au nne tu. Usichore kitu. Kila unaponyanyua mkate taja jina la Mungu unalolizoea: Baba, Bwana, Mungu wangu. Kama hakuna linalotoka, nyamaza na uendelee kubonyeza. Mkono nao unasali.

Hatua ya tatu: paka giza

Rudi kwenye ubao wenye sentensi. Changanya buluu na kahawia kwa wingi, uanze na brashi ya inchi moja kutoka kona yoyote. Sentensi itaanza kuzama. Paka juu ya maneno yako neno kwa neno, bila haraka. Watu wengi hulia hapa, na ni sawa kulia. Hujaifuta ile sentensi. Imo chini ya rangi, na kila utakachokipaka baadaye kitakaa juu yake. Zaburi ya 139 mstari wa 12 inasema, "Giza nalo halikufichi kitu". Wewe huwezi tena kuisoma sentensi yako, Mungu anaisoma.

Tabaka la kwanza litaonyesha michirizi ya brashi. Liache likauke, dakika ishirini kwa akriliki nyembamba, zaidi kidogo kwenye unyevunyevu wa pwani. Tabaka la pili badilisha kiasi: upande mmoja zidisha buluu, mwingine zidisha kahawia, bila mpaka wa wazi. Giza la kufiwa halifanani na giza la kusubiri. La kufiwa wengi hulipaka zito na la kahawia, linaelekea ardhini. La kusubiri huwa la buluu, pana, halina ukingo. Acha mkono uchague, usiulizeulize.

Kishawishi cha hatua hii ni kumaliza upesi. Paka mpaka kingo. Kwenye kona watu huacha upenyo mweupe bila kujua, kama mlango wa kutokea. Rudi ukaupake.

Hatua ya nne: ngoja

Simamisha ubao ukutani, usogeze mshumaa mbali, au uuzime na kuacha mwanga wa mbalamwezi au taa ya nje. Kaa. Dakika ishirini mpaka nusu saa.

Muda huo una sababu. Jicho la mtu likitoka kwenye mwanga huhitaji dakika ishirini hadi thelathini kulizoea giza barabara. Ukikaa dakika tano utasema hakuna kitu humu, na utakuwa umesema kabla jicho halijamaliza kufunguka. Kadiri mwanga unavyopungua, jicho pia hubadili uwezo wake: rangi za joto hufifia mapema na kuwa kama nyeusi, buluu hudumu zaidi. Utaona upande wa kahawia ukizama na upande wa buluu ukisogea mbele, ingawa hakuna kilichobadilika kwenye ubao. Nafahamu watu wanaodhani Mungu ameondoka kwa sababu walikaa dakika tano. Katika Kutoka 20 mstari wa 21, watu walisimama mbali na Musa akalikaribia giza kuu, na andiko linasema Mungu alikuwa humo. Musa hakungoja giza liondoke ndipo aende.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Hispania, alikamatwa na watawa wenzake Desemba 1577 na kufungwa Toledo katika kijichumba kisicho na dirisha la maana, mpaka alipotoroka Agosti 1578. Mashairi yake makuu kuhusu usiku na Mpendwa yanatokana na kipindi hicho. Lisilojulikana sana ni kwamba alikuwa pia mchoraji. Kabla ya kufungwa, alipokuwa akiwahudumia masista wa Ávila, alichora kwa wino mchoro mdogo wa Kristo msalabani, umetunzwa mpaka leo katika monasteri ya Encarnación mjini humo. Ajabu yake ni pembe ya kutazamia: Kristo anaonekana kutoka juu na ubavuni, kichwa kimeinama mbele hata uso hauonekani vizuri. Huo ndio msalaba ambao mchoraji hajajiweka mahali pazuri pa kutazamia. Ukikaa mbele ya ubao wako na ukahisi humwoni uso wake, kumbuka mchoro huo.

Wakati wa kungoja usitunge sala. Mawazo yakija, na yatakuja, bili ya maji, maneno ya shemeji, rudisha macho kwenye ubao. Hiyo ndiyo kazi yote.

Hatua ya tano: weka nuru, kidogo

Sasa jiulize swali moja: tangu giza hili lianze, niliona nuru wapi? Jibu liwe kitu kilichotokea, chenye mahali na saa. Jirani aliyeleta uji bila kuulizwa. Nesi aliyekuita kwa jina. Usiku mmoja uliolala mpaka asubuhi. Kama ni kimoja, ni kimoja. Kama hakuna, acha ubao ulivyo, utie tarehe nyuma, urudi wiki ijayo. Ubao wa giza tupu ni sala iliyokamilika.

Kama kipo, usichanganye nyeupe peke yake. Anza na njano ya udongo ndani ya giza lako lile lile, upate rangi iliyo ngazi moja tu juu ya giza. Weka hapo ulipohisi panapaita. Ikikauka, ongeza njano zaidi, juu yake, eneo dogo kuliko la kwanza. Kisha tena, na nyeupe kidogo, dogo zaidi. Ngazi tatu au nne. Nyeupe yenyewe ije mwisho, ncha ya brashi ndogo, mguso mmoja au miwili.

Ndivyo wanavyofanya wachoraji wa ikoni, yaani picha takatifu, katika Kanisa la Orthodoksi. Uso wa mtakatifu huanza kwa rangi nzito ya udongo yenye ukijani, kisha mchoraji hupanda ngazi kwa ngazi kuelekea mwanga, na michirizi myeupe membamba karibu na macho huja mwisho kabisa. Giza la mwanzo halifunikwi lote. Linabaki kwenye vishimo vya macho na ukingo wa shavu, na bila hilo uso usingekuwa na umbo.

Mchoro mwingine unaostahili kutazamwa kwa ajili ya hatua hii ni Kurudi kwa Mwana Mpotevu wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, uliopo jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg, Urusi. Ni wa miaka yake ya mwisho. Alifariki 1669, akiwa ameshafilisika na kumzika mwanawe Titus mwaka mmoja kabla. Una urefu unaopita mita mbili na nusu, na sehemu kubwa ni kahawia na weusi. Mwanga umewekwa mahali pachache, hasa uso wa baba, mikono yake miwili juu ya mgongo wa mwana, na unyayo mtupu wa mwana ambao kiatu kimemvuka. Rembrandt hakuiangazia nyumba nzima. Unyayo uliochakaa ulimtosha.

Ukiwa na simu, itafute picha hiyo mchana, siyo wakati wa sala.

Hatua ya sita: tazama, useme jambo moja

Rudi nyuma hatua tatu. Mwambie Mungu unachokiona, kwa maneno ya kawaida: "Hapa ni pazito. Hapa uliponitumia yule mama." Usitafsiri, usitafute ujumbe wa siri ndani ya madoa. Ubao haukuambii yatakayotokea, na anayekuambia unaonyesha hatima yako umwepuke.

Nyuma ya ubao andika tarehe na namba ya Zaburi uliyosoma. Usiandike zaidi.

Pale unapokwama

Ubao umekuwa mbaya. Hilo halina uzito, huupeleki sokoni. Ila kama ubaya wenyewe unakukera hata huwezi kusali, ni kwa sababu nuru imekuwa nyingi mno. Chukua giza, upunguze.

Hujahisi chochote. Fanya tena wiki ijayo, saa ile ile. Ukaribu na Mungu haupimwi kwa msisimko, na katika kipindi kikavu uaminifu wa kurudi ndio mara nyingi unaotangulia hisia.

Umejawa hasira. Paka kwa kitambaa badala ya brashi, kwa mkono mzima. Yeremia alilalamika kwa ukali kuliko wengi wetu na akabaki nabii.

Kusali hivi na wengine

Jumuiya ndogondogo, kikundi cha akina mama, vijana wa kanisa: inawezekana, na ina uzuri wake. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, Kenya, lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, kijana wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora ukutani humo maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa mpaka kusulubiwa, Kristo akionekana Mwafrika kati ya watu na vilima vya Ugikuyu. Jeraha lilikuwa bado bichi, na familia zilizoketi humo Jumapili zilikuwa na makaburi mapya. Waliwekewa mbele yao Yesu aliyeteseka kwenye vilima vyao wenyewe.

Kwa kundi, watu wasizidi wanane. Kila mtu na ubao wake, kila mtu na sentensi yake, na sentensi isisomwe na mwingine. Ndiyo maana inapakwa. Zaburi isomwe na mtu mmoja. Kungoja kufanyike pamoja, taa ikiwa imezimwa. Mwishoni anayetaka kuonyesha ubao aonyeshe, asiyetaka aufunike kwa kitambaa, na asiulizwe. Piga marufuku maneno "usijali, Mungu ana mpango" mpaka watu watoke nje ya geti. Andaeni chai. Kukutana kuwe kila baada ya wiki mbili, maana kila wiki watu huanza kuleta nuru za kubuni ili wasionekane wamerudi na giza lile lile.